Spika Zilizogeuzwa Ukutani

Spika ilicheza kabla haijaungwa waya. Fundi, ambaye wateja walimwita Sikio kwa kuwa aliujua ugonjwa wa redio kabla ya kuifungua, aliitazama koni, ile karatasi nyeusi ya mbele inayotoa sauti, ikitoka nje kidogo na kurudi ndani, akajiambia ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Boksi la spika lenyewe lilikuwa la shemeji yake, mpiga gitaa la besi. Lilikuwa zee, spika zake mbili zimechanika, na za aina ile hazitengenezwi tena. Sikio alihangaika miezi mitatu mpaka akazipata nyingine katika ukumbi uliofungwa, zimepigiliwa misumari, nyuso zimegeuzwa ukutani. “Nani mjinga anaielekeza spika kwenye zege?” alicheka, akazing'oa. Mjinga hakuwa mbali.

Sasa zilikuwa boksini, kingo zimepakwa gundi mbichi, na chumba kilikuwa kimeanza kunuka nyama iliyolala. Maji yalitetemeka kikombeni.

Mkewe akaingia na shari yake. “Tangu asubuhi umejifungia na hilo dude! Nimekuita mpaka nimechoka. Kwani hayo masikio—”

“—umeyapeleka wapi?” ilimalizia spika, kwa sauti ya mke mwenyewe.

Mama wa watu akashika koo. Alijaribu kusema tena na tena. Ilitoka pumzi tupu.

Jirani alikuwa na shangazi mganga, akaitwa mbio. Hakuvuka kizingiti. “Ni jini, huiba sauti ya anayesema kwa nguvu,” alinong'ona. “Wenzako walilifumba mdomo, wewe ukalifumbua. Zikate koni kabla gundi haijakauka. Ikikauka, sauti ya mkeo imekwenda. Litakubembeleza. Usilisikilize!”

“Gundi hii hukauka kwa nusu saa,” Sikio alinong'ona, “na robo imeshapita.”

Akachukua kisu. Ncha ilipogusa koni, boksi likalia.

“Baba watoto, usinikate. Ni mimi. Nimo humu, kuna giza, utaniua.”

Mkono ukamganda, kwa maana miaka kumi na minane sauti ile ilimwamsha, ilimgombeza, ilimwita mezani, na leo ilikuwa inamlilia kama ambavyo haijawahi kumlilia, huku nyuma yake mwanamke asiye na sauti akimpiga mgongoni kwa ngumi, akimvuta shati, akiusukuma mkono wenye kisu kuelekea kwenye koni, akate, akate, naye Sikio, aliyeishi kwa kuamini masikio kuliko macho, hakugeuka hata mara moja kumtazama.

Kisu kikaanguka.

Ngumi ziliendelea kidogo, kisha zikakoma. Sikio aligusa gundi kwa kidole. Ilikuwa kavu.

Hapo ndipo alipogeuka. Mkewe alimtazama usoni kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Akachukua mtandio wake, akampita shangazi pale mlangoni, akaenda zake. Shangazi naye alimfuata.

“Wamekwenda?” spika iliuliza. Ilikuwa sauti ya mkewe, ila kilio hakikuwamo tena, hata chembe.

Sikio alirudi nyuma hatua moja.

“Haya, mume wangu,” ikasema kwa upole, na koni zote mbili zikatoka nje kwa pamoja, zikasubiri. “Sasa sema wewe.”

Fundi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.