Betri Si Sambaza

Kila alasiri akitoka shule, Gatesi hakwenda kuruka kamba na wenzake mpaka amekagua taa. Zilikuwa sita, za kutundikwa kwenye mitumbwi, kila moja na betri yake ya kuchaji. Baba yake, Viateur, ambaye nyumbani walimwita papa, alikuwa mvuvi wa sambaza hapa Gisenyi, kando ya ziwa, na sambaza ni samaki mdogo anayefuata mwanga. Hakuna taa, hakuna sambaza. Ndiyo maana binti huyu wa miaka kumi na miwili alitembea kifua mbele. Kazi ya taa alipewa yeye, si kaka zake!

Basi ziwa likafungwa miezi miwili ili samaki wakue, kama kila mwaka. Siku ya mwisho Gatesi alizijaza betri zote, akazifunga kwenye mfuko, akaziweka kwenye rafu ya juu ya jiko. Hapo ndipo mama alipohifadhi sambaza wakavu, na hawakuharibika hata kidogo. Kama panawafaa samaki, betri zitashindwaje? Miezi ikapita. Nyumbani wakala maharage na viazi, viazi na maharage, mpaka paka naye akanuna.

Jumamosi ya kufunguliwa ziwa ikafika. Asubuhi papa alichungulia mlangoni, uso umemchangamka.

"Gatesi, betri iko tayari?"

"Iko tayari, papa! Nilijaza yote."

"Bon! Saa kumi na moja tunaingia ziwani."

Saa sita mchana rafiki yake, Alliance, alikuja kumsaidia kufuta vumbi. Walitia betri kwenye taa ya kwanza, wakaiwasha. Iling'aa vizuri kabisa. Wakaiacha iwake huku wakifuta nyingine. Hawajamaliza hata ya tatu, ile ya kwanza ikafifia, ikawa nyekundu, ikazima.

"Ayiwe!" Alliance alishtuka. "Hii iko na nini?"

Wakazijaribu zote. Mbili zenye betri mpya ziliendelea kuwaka. Nne zenye betri za zamani zilizima moja baada ya nyingine. Gatesi alihesabu saa kwa vidole. Chaja yao ilijaza betri mbili tu kwa saa tatu. Mbili zingekuwa tayari saa tisa, na mbili nyingine saa kumi na mbili, wakati mitumbwi imekwisha kuondoka.

"We nyamaza tu," Alliance alinong'ona. "Tuzichaji kidogo kidogo, pale pwani zitawaka. Zikizima huko mbele, watasema betri imezeeka."

Kweli, nani angejua? Lakini Gatesi alimwaza papa yake katikati ya ziwa, giza pande zote, wavu mtupu. Machozi yakamlenga.

"Mi siwezi," alisema. "Ni papa yangu atakuwa kule."

Alikimbia hadi pwani. Papa alikuwa akifunga miti mirefu inayounganisha mitumbwi mitatu.

"Papa, asubuhi nilikuambia betri iko tayari, na sikujaribu hata moja. Nne imezima."

"Gatesi! Miezi mbili nangojea siku ya leo!" Papa alishika kichwa. Kisha akalitazama jua, akashusha pumzi. "Donc, ingali saa sita. Kimbia kwa mama Nyirabahire, umuombe chaja yake."

Nyirabahire, jirani yao muuza samaki, alikuwa amekaa miezi miwili bila biashara. Hakungoja maelezo marefu.

"Chukua, mwanangu, chukua mbio! Hata mi naitamani hiyo sambaza."

Saa kumi betri zote nne zilikuwa zimejaa. Safari hii Gatesi aliwasha kila taa, akaiacha iwake kitambo huku akiikodolea macho.

Kesho yake asubuhi mitumbwi ilirudi, wavuvi wakiimba, ndoo zimejaa sambaza. Nyirabahire alikuwa wa kwanza kufika pwani na beseni lake. Papa alimkalisha Gatesi kando yake.

"Betri haiko sambaza, mwanangu," alisema akicheka. "Hata ikikaa bila kazi, chaji inatoka polepole. Ile ya zamani inatoka mbio, na joto ya jiko inazidisha. Ukiiweka siku mingi, weka mahali pa baridi, na mbele ya kazi ujaze tena, ujaribu." Kisha akawa makini. "Lakini ulisema ukweli saa sita. Ungenyamaza mpaka saa kumi na moja, leo tungekula maharage tena. Kosa ikisemwa mapema, iko na dawa."

Wiki nzima Gatesi alichaji betri zake, na hazikurudi tena juu ya jiko. Jumamosi iliyofuata papa alichungulia mlangoni.

"Gatesi, betri iko tayari?"

Gatesi alinyoosha mkono kuwasha taa ya kwanza.

"Ngoja kidogo, papa. Nijaribu kwanza."