Ufunguo wa Probox Kwenye Mkebe wa Unga

— Lenah, TV iko?

— Iko.

— Mtungi ya gesi?

— Iko. Hata suti yako ya harusi iko, imening'inia tu vile uliiacha.

— Sasa hawa watu walivunja mlango ya nyuma wakuje kutusalimia?

Gathii alikuwa amesimama jikoni kwake, Kiminini, Biblia bado i kwapani. Walikuwa ndio wametoka kanisani. Mlango wa nyuma ulikuwa umeng'olewa bawaba na kuegemezwa ukutani kwa adabu, kana kwamba fundi alikuwa anarudi baadaye. Hakuna kilichoguswa. Ndipo Lenah akatazama chini.

— Gathii, mbona unga imemwagika?

Gathii alitoka mbio, akazunguka nyumba hadi uani. Pale Probox ilipokuwa imesimama asubuhi, palibaki doa la oili na kuku mmoja aliyekuwa akidonoa bila wasiwasi. Gari lenyewe halikuwapo. Alikuwa ameliosha Jumamosi, na kwa sababu hakutaka lipate vumbi, wakaenda kanisani kwa miguu. Ufunguo mmoja ulikuwa mfukoni mwake. Wa pili aliuficha ndani ya mkebe wa unga, kama mama yake, Rahab, alivyomfundisha, eti mwizi hatafuti kwa unga.

— Nani anajua mahali tunaweka ile spea? aliuliza aliporudi.

— Mimi na wewe.

— Na nani mwingine?

— Gathii, usianze.

— Nauliza tu.

— Unauliza na hiyo macho?

— Ian alilala hapa wiki mzima. Akapika ugali. Akatoa ufunguo kwa unga akatucheka, ati tunakula ugali ya Probox. Nimedanganya?

— Ian alikuja kukusaidia kuezeka paa ya kuku zako! Bila kulipwa!

— Sijasema ni yeye.

— Umesema yote isipokuwa jina, na jina pia umesema.

Ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja tu. Gathii, mtoto wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani, alikuwa na duka la agrovet mjini Kitale. Lenah, Mbukusu wa Bungoma, alishona sare za shule mlango wa pili. Walipendana juu ya ukuta wa mbao kwa kukopeshana chaja ya simu. Ian ni kaka yake Lenah, mwendesha bodaboda, mtu wa mzaha mwingi. Siku hiyo ya wizi hakuna aliyecheka.

Kesho yake Gathii alianza safari ambayo kila aliyeibiwa gari Kenya anaijua, na ambayo inamchosha mtu kuliko wizi wenyewe. Kituoni alipewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio, na swali moja.

— Ulisema ufunguo ilikuwa wapi?

— Kwa unga, afande.

— Ya ngano ama ya mahindi?

— Hiyo inasaidia uchunguzi?

— Hapana. Nataka tu kujua.

Watu wa bima nao wakamkumbusha kwa sauti tamu kwamba yeye alilipia thaad pati, ile ya kufidia wengine tu, na thaad pati haijui habari za wizi. Kile kifaa cha kufuatilia gari kilikuwa kimezimwa tangu mwezi uliopita kwa sababu alisahau kulipia. Kila mlango aliogonga ulifunguka vizuri, ukamwonyesha kosa lake, ukafungwa. Kisha dada yake Gladwell akapiga simu.

— Gathii, mimi sisemi kitu.

— Basi usiseme.

— Lakini mtu wa nje anajuaje ufunguo iko kwa unga? Fungua macho. Hao watu wa mke wako ni wengi.

Hapo ndipo Gathii alipofanya ujinga wake mkubwa. Alikaa nyuma ya kaunta ya agrovet, kati ya mbegu na dawa za kupe, akaandika ujumbe:

"Ian. Kama unajua gari iko wapi rudisha tu. Tunaweza maliza hii mambo kama familia bila polisi. Sitaambia mtu."

Alidhani ameandika kwa upole. Wanaume wengine wakishika simu na hasira pamoja, upole wao huwa ndio matusi yenyewe. Dakika chache baadaye mlango ukagongwa kwa goti. Lenah aliingia, futi ya kupimia nguo bado shingoni, simu mkononi.

— Soma.

— Lenah...

— Soma kwa sauti. Ian amenitumia. Hajaandika kitu hapo chini, hata moja. Ian! Yeye hutuma hata kicheko kwa matanga!

— Nilikuwa na pressure. Polisi, bima, Gladwell...

— "Sitaambia mtu." Ati unamfichia ndugu yangu wizi! Wewe ni mtu mzuri sana, Gathii!

— Nionyeshe basi nani mwingine alijua.

— Mimi nilijua. Mbona hukuniandikia mimi?

— Wewe ni bibi yangu.

— Na yeye ni nani yako?

Lenah aliitoa ile futi shingoni, akaikunja polepole, na jioni alikuwa Bungoma kwa wazazi wake.

Nyumba isiyo na gari inazoeleka. Nyumba isiyo na Lenah ilimshinda. Alichemsha uji ukashika chini, akavaa soksi za rangi mbili, na mlango wa nyuma akauzuia kwa gunia la mbolea. Simu haikunyamaza, lakini hakuna simu aliyoitaka. Mmoja alidai ameiona Probox ikivuka Suam kuingia Uganda, atumiwe mafuta aifuate. Mwingine aliiona Kitale wakati huohuo. Nabii mmoja aliiona katika maono, ila hakuona barabara.

Aliandika: "Lenah umefika salama?"

Jibu: "Ndio."

Akaandika: "Chumvi iko wapi?"

Jibu: "Kwa duka."

Alhamisi, alipokuwa akimpimia mteja dawa ya minyoo, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Ian.

— Bwana Gathii.

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote lilikuwa ni "shemeji", hata akiomba maji ya kunywa.

— Ian! Ian, sikiza...

— Gari yako iko Kimilili. Niliweka picha kwa grupu yetu ya bodaboda tangu Jumapili, saa ile dada alinipigia. Leo jamaa wa kuosha magari ameiona. Wameweka namba zingine. Polisi wameishika na yule mtu alikuwa anaiendesha. Kuja na logbook.

— Tangu Jumapili? Yaani wakati nilikuandikia ile mesej, wewe...

— Kuja na logbook, Bwana Gathii.

Simu ikakatika. Gathii alimwachia mteja chupa nzima ya dawa, akafunga duka.

Kimilili alilikuta gari lake nyuma ya kituo, halina betri, halina redio, viti vya nyuma vimeng'olewa, na ndani linanuka vitunguu. Akaligusa boneti. Afisa akamtoa mkono.

— Hiyo ni eksibiti sasa. Inakaa hadi kesi iishe.

— Lakini ni gari yangu!

— Ndio. Na ni eksibiti yetu.

— Huyo mwizi ni nani?

— Kijana wa kukodisha hema na spika. Anasema aliwahi kufunga spika kanisa yenu. Mengine utaskia kotini.

Ian alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake ng'ambo ya barabara. Gathii alimvukia mkono ukiwa umenyooshwa. Ian akashika vishikio vya pikipiki kwa mikono yote miwili.

— Gari umepata. Sasa dada yangu, huyo utamtafuta nyumbani, mbele ya mzee.

Nyumbani kwa Mzee Wekoye, baba yao Lenah na Ian, nje kidogo ya mji wa Bungoma, Gathii alikaribishwa kiti na chai. Mzee aliketi mbele yake, Ian mlangoni, Lenah dirishani. Mama mkwe, Mama Edah, alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta mwembamba. Kwa Wabukusu mama hakai chumba kimoja na mume wa binti yake, hamshiki mkono, wala hawatazamani usoni. Ndiyo heshima. Basi maneno yalipita ukutani, na Lenah akawa mjumbe, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

— Lenah, sauti ya mama ikatoka, urisa huyo mtu wako kama amewahi kuona video ya kanisa yao.

— Mama anauliza kama umeona video ya kanisa.

— Nimesikia. Video gani?

— Mwambie mimi huangaria kira Jumapiri nikitafuta wewe. Sikuoni, uko na watoto wa Sande skuli. Namuona yeye tu. Mwekee.

Lenah akaweka simu mezani, akabonyeza. Kanisa la Kiminini likatokea, na mbele yake, maikrofoni mkononi, jasho usoni, Gathii mwenyewe akitoa ushuhuda wiki mbili kabla ya wizi:

"Bwana asifiwe! Majirani wameibiwa magari, lakini yangu iko! Sina watchman! Mlinzi wangu ni Yehova! Ufunguo ya pili naweka tu kwa mkebe ya unga hapo jikoni, na nalala kama mtoto!"

Na kanisa zima likajibu: "Amina!"

Mzee Wekoye alikohoa ndani ya kikombe. Gathii alihisi masikio yanaungua. Alikuwa amesahau kabisa. Mtu akishikwa na ushuhuda huwa hajisikii. Na kanisa zima lilijua tangu Jumapili ile, mchungaji alijua, waimbaji walijua, wote wakampa pole na kumtazama viatu, hakuna aliyethubutu kumwambia. Haya ndiyo mambo yanayonichosha na watu wa heshima.

— Ulijua lini? alimuuliza Lenah.

— Siku nilifika. Mama alinionyesha.

— Mbona hukunipigia?

— Nikupigie nikuokoe? Nilitaka uje ukiwa bado unaamini ni Ian. Nione kama utakuja.

Gathii aliona aibu ya kufa. Na kwa aibu hiyo akafikiria jambo aliloona ni la heshima kuu: kumpigia mama magoti. Akasimama, akapita mbele ya mzee kabla hajazuiwa, akasukuma mlango wa jikoni na kuanguka magotini.

— Mama, nisamehe!

Mama Edah alikuwa ameshika mwiko. Alimtazama mkwewe uso kwa uso kwa mara ya kwanza maishani, akapiga ukemi, akajifunika kichwa kwa leso na kutoka kwa mlango wa nyuma. Akavuka shamba la maharagwe kwa kasi ambayo haikutarajiwa kwa mwanamke aliyekuwa akilalamikia magoti tangu Krismasi.

— Wewe! Mzee Wekoye alipaaza sauti. Umefanya nini, bana?

— Nimeomba msamaha!

— Umeingilia mama mkwe jikoni! Utaleta kondoo ya kuosha hii aibu! Hiyo hata si maneno ya kujadili!

Lenah alijaribu kujizuia. Akauma mdomo, akashika pazia, kisha kicheko kikamtoka hadi akachuchumaa. Mzee naye akacheka. Kutoka maharagweni sauti ya mama ikauliza kama huyo mtu ameondoka, nao wakacheka zaidi. Hata Gathii, bado yuko magotini, akaanza kutabasamu.

— Mimi sijacheka, Ian akasema.

Akasogea hadi mlango wa jikoni.

— Gari nimekutafutia. Video umeona. Lakini hujanijibu. Huko kanisani mko wangapi? Fundi wa mlango wako anajua nyumba. Gladwell anajua nyumba. Mbona ni mimi?

Gathii aliinuka. Angeweza kusema habari ya presha, ya Gladwell, ya ugali wa Probox. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Akamtazama Lenah, akaona hacheki tena, na akajua kwamba akidanganya sasa hivi atarudi Kiminini peke yake na huko ndiko atakakokaa.

— Kwa sababu wewe si wa kwetu, alisema. Hiyo ndiyo ukweli, Ian. Watu wa kwetu hata sikuwafikiria. Nilifikiria wewe kwanza, halafu nikatafuta sababu. Nimeoa dada yako, nimekula kwenu, na ndani ya roho yangu bado mlikuwa wageni. Naona aibu.

Mzee Wekoye alitazama chai yake. Machozi yalimtoka Lenah bila sauti, na hakuyafuta.

— Sasa hiyo, Ian akasema, ndiyo nilikuwa nangojea.

Akavaa helmeti, akatoka. Walisikia pikipiki ikiwaka na kwenda. Gathii alimgeukia mkewe.

— Twende nyumbani, Lenah. Tafadhali.

— Leo nalala kwetu.

— Na kesho?

— Kesho kuja. Ukija, piga hodi mlango ya mbele, ukae mahali umeambiwa ukae.

Usiku huo Gladwell alipiga simu kuuliza kama "wale watu" wamerudisha gari. Gathii alimwambia ni Ian aliyelipata, na kwamba jina hilo "wale watu" lisikike tena nyumbani kwake wakati kuku wameota meno. Akakata simu yeye kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wazaliwe.

Asubuhi alifika Bungoma na kondoo aliyemsumbua njia nzima. Akasimama mbali na jikoni, akageuza uso, akabisha mlango wa mbele.

— Hodi!

Mlango ulichelewa kufunguka. Ulipofunguka alikuwa ni Ian, mswaki mdomoni. Alimtazama Gathii, akamtazama kondoo, akatema povu pembeni na kuichukua ile kamba kutoka mkononi mwake.

— Ingia, shemeji. Lenah anafunga bag.