Mwanamke wa Ukutani

Tone la rangi ya bluu lilimdondokea Aurelia begani, asubuhi stendi ya Mbinga imefurika abiria na bodaboda. Akatazama juu. Kijana mrefu, ovaroli limejaa madoa, alikuwa juu ya ngazi akichora ukuta mzima.

"Kaka, gauni hili nimelishona jana tu!"

"Samahani, dada. Nilikuwa nakuangalia wewe, nikasahau brashi."

Aurelia alijaribu kununa, akashindwa.

Kijana huyo, Lusekelo, alikuwa mtu wa Kyela. Alipewa kazi ya kuchora watu waliohamia mjini: Wanyasa waliopanda kutoka ziwani, Wangoni, watumishi na masanduku yao. Kila jioni Aurelia alifunga cherehani, akampelekea chai, naye Lusekelo akimwita "Mmatengo wangu", kwa kabila lake. Haukupita muda wakaanza kuzungumzia kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Aurelia, kijijini Mapera.

Siku moja Aurelia akakuta Lusekelo amechora mwanamke ndani ya mtumbwi, khanga ya kijani, uso umechorwa kwa upole uliomchoma moyo.

"Nani huyu?"

"Anaitwa Tumpe." Lusekelo akashusha brashi. "Mke wangu..."

Aurelia hakungoja mengine. Simu za Lusekelo hakupokea hata moja. Kazi ilipokwisha, Lusekelo akateremka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kuchora ukuta mwingine. Naye Aurelia, kwa hasira, akamkubali mwalimu Thadei, aliyekuwa akimposa tangu zamani.

Jumapili tangazo la ndoa yao liliposomwa kanisani, simu iliita tena. Akatoka nje, akaipokea, apate kumtukana tu.

"Unanitafutia nini? Si una mke?"

"Tumpe alikufa maji kabla hatujajuana, Aurelia. Mtumbwi ulipinduka, hakuonekana tena. Sina kaburi la kwenda. Namchora."

Aurelia akakaa chini palepale, uani mwa kanisa.

Kesho yake alishuka ziwani. Alimkuta mbele ya ukuta, amekonda, macho mekundu. Walishikana mikono wakalia.

"Mbona mimi hukunichora hata mara moja?"

"Nawachora waliokwenda, mpenzi. Wewe nilitaka ubaki."

"Thadei hajanikosea kitu, Lusekelo. Na mama nitamwaibisha vipi mbele ya parokia nzima?"

Gari la kupanda Mbinga likapiga honi. Aurelia akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasogea penye ukuta mtupu, akasimama wima akimtazama.

"Nichore, basi," akasema.