Binti wa Chifu Alipofuta Kata

Kila alfajiri, kabla garimoshi la Mombasa halijapiga honi, Jedidah alikuwa tayari njiani na debe lake kichwani. Bomba lilikuwa karibu na reli, na maji ya Voi miaka ile ya hamsini hayakuwa ya kuchezea. Aliyechelewa alirudi nyumbani na debe tupu. Wanawake walipanga foleni wakipiga soga. Walikuwako wa milimani, Wadawida na Wasagalla, walioshuka mjini kufuata kazi. Walikuwako pia wa landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, ambao wengi wao walitoka mbali, magharibi ya nchi.

Pale bombani palikuwa na kata moja ya kifuu kwa ajili ya mwenye kiu. Mwanamke wa landhi akiinywea, wa milimani aliyefuata aliisuuza, akamwaga maji, akaisuuza tena, ndipo akanywa. Akinywa wa milimani mwenzake, haikusuuzwa. Hakuna aliyesema neno. Jedidah, naye wa milimani, aliyaona hayo tangu utotoni, naye akayafanya bila kuyafikiri, jinsi mtu anavyopiga miayo akimwona mwenzake akipiga.

Shuleni Jedidah alikuwa darasa la sita, na sauti yake ilisifiwa hata kanisani. Mwalimu wake, Mwalimu Thadeus, alikuwa mtu mwembamba mwenye mapenzi makubwa ya michezo ya kuigiza, hasa ile ya huzuni, ambayo shujaa wake hufa na watazamaji hurudi nyumbani kimya. Mwaka huo alitunga wa kwake, akauita Mchimba Kisima, uchezwe siku ya wazazi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mji umekaukiwa na maji. Anatokea Mgeni kutoka nchi ya mbali, mweusi kuliko wenyeji, anachimba kisima na kuwaokoa wote. Wenyeji wanayanywa maji yake, lakini kula naye hawataki, na Binti wa Chifu anapompenda wananong'ona kwamba watu wa rangi ile ni wachawi. Ng'ombe wakifa, lawama ni zake. Wanamfukuza nyikani bila tone la maji, naye Binti anamfuata. Ukweli unapojulikana, wawili hao wamekwisha kufa kwa kiu.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba visa vya namna hii ni vya kale mno, na kwamba mataifa makubwa yamekuwa yakivicheza na kuvililia kwa mamia ya miaka. Kila mara ni yale yale: watu huipenda kazi ya mgeni, ila mwenyewe hawamtaki. Wanafunzi waliitikia kwa vichwa, kila mmoja akijua hakika kwamba si yeye anayesemwa.

Jedidah alipewa nafasi ya Binti wa Chifu. Mgeni alikuwa Wamalwa, mtoto wa landhi, ambaye baba yake alikuwa akitia makaa kwenye injini ya garimoshi. Wamalwa alikuwa mpole, wa kwanza darasani, na akianza kusema maneno ya Mgeni ulimsahau Wamalwa na kaptura yake yenye viraka. Sehemu iliyobeba mchezo wote ilikuwa pale Mgeni anapokunywa maji ya kwanza ya kisima, kisha Binti anaipokea kata mkononi mwake na kunywa mbele ya mji mzima. Katika mazoezi kata ilikuwa tupu, kwa hiyo halikutokea tatizo lolote.

Lakini rafiki yake Gertrude hakuwa na dogo. Walipokuwa wakifagia darasa alimwuliza kama kweli atakunywa baada ya mdomo unaokula kumbikumbi.

"Watu wote watakuwa wanaona," Gertrude alisema. "Kuanzia siku hiyo tutakuita Mama Wamalwa."

Jedidah alicheka, akaendelea kufagia. Lakini usiku na mchana aliyasikia maneno yale.

Siku ya wazazi ikafika. Watu wa milimani walikaa kwenye viti vya mbele, wa landhi wakasimama nyuma, na hakuna aliyewapangia. Baba yake Jedidah, Bwana Mwandawiro, karani wa mizani katika shamba la mkonge, alikaa mstari wa mbele na koti lake. Kule nyuma alisimama Nasimiyu, mama yake Wamalwa, katika gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri, akinyoosha shingo amwone mwanawe.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka ikafika ile kata, sasa ikiwa imejaa maji. Wamalwa alikunywa, akainyoosha mbele kwa mikono miwili. Jedidah akaipokea. Pembeni akamwona Gertrude amejiziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Akahisi macho ya wote usoni mwake, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Alishika ncha ya leso yake, akaufuta ukingo wa kata, akamwaga maji kidogo, akafuta tena. Ndipo akaigusisha midomoni.

Watu walicheka. Hawakucheka kidogo; walicheka mpaka benchi zikalia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa milimani ambaye hakukijua kitendo kile. Wale waliosimama nyuma walikijua zaidi, na hao hawakucheka. Nasimiyu alijifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akatoka nje.

Wamalwa alimtazama mama yake akienda. Angeweza kukimbia, na nani angemlaumu? Lakini alibaki, na ilipofika zamu ya maneno ya kufukuzwa, hakuyasema kwa sauti ya Mgeni. Aliyasema kwa sauti yake.

"Maji yangu mmeyanywa. Ni mimi tu mliyenitema."

Kicheko kikakatika. Jedidah, aliyefundishwa majuma mazima namna ya kulia machozi ya uongo, siku hiyo alilia bila kufundishwa, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baadaye alimngoja Mwalimu Thadeus amchape, akaona hata afadhali. Mwalimu hakushika fimbo.

"Nimeandika mchezo mzima ili watu wajione," alimwambia. "Wewe umewaonyesha kwa leso moja. Ila aliyeumia ni mtoto wa mtu."

Jumatatu kiti cha Wamalwa kilikuwa kitupu, na Jumanne vilevile. Habari ikaenea kwamba hataki tena kuiona shule ile, na kwamba baba yake atampeleka kwao magharibi, kwa babu, akachunge ng'ombe mpaka litakapojulikana la kufanya. Mtoto wa kwanza darasani, akachunge ng'ombe. Kila Jedidah alipotazama kile kiti aliona aibu upya, na jambo baya zaidi ni kwamba Gertrude bado alikuwa akicheka.

Jioni hiyo alimweleza baba yake kila kitu. Bwana Mwandawiro aliinamisha uso, maana na yeye alikuwa mmoja wa waliocheka.

"Unakumbuka ile siku ya stesheni?" akauliza mwishowe.

Jedidah alikumbuka. Walikuwa wakimsindikiza shangazi. Baba, amevaa suti yake, aliketi kwenye benchi lililokuwa wazi. Akaja mzungu mmoja, akamwonyesha kwa bakora kwamba ainuke. Baba akainuka. Kisha askari wa stesheni akatoa kitambaa, akapafuta mahali Baba alipokuwa amekaa, ndipo yule bwana akaketi.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu, kwa binadamu mchungu," Bwana Mwandawiro alisema. "Nimekichukia kitambaa kile hadi leo. Kumbe kingine kiko nyumbani kwangu, na mimi nakichekea."

Kesho yake waliongozana hadi landhi. Bwana Mwandawiro alibeba kibuyu cha maji, kwa kuwa Wadawida wana desturi yao ya kutasa: aliyekosewa hutia maji kinywani, akayapuliza chini huku akisema kwamba moyo wake umepoa. Hasira isipotolewa hivyo, husemwa kwamba itaiandama nyumba ya mkosaji. Mzee alitaka jambo liishe upesi, kabla ya giza, na warudi nyumbani wepesi.

Nasimiyu aliwakaribisha kwa heshima, akawapa viti. Wamalwa alikuwa mlangoni, amewapa mgongo. Bwana Mwandawiro akaeleza kilichowaleta, akakinyoosha kibuyu. Nasimiyu alikitazama, wala hakukipokea.

"Baba Jedidah, nashukuru umekuja," alisema. "Lakini nikipuliza hayo maji nitakuwa nasema uongo. Moyo wangu haujapoa. Nyinyi mnataka nyumba yenu ipone. Na mwanangu je? Lililofanywa mbele ya watu haliwezi kutengenezwa hapa jikoni."

Bwana Mwandawiro aliinuka, akaaga. Walirudi na kibuyu chao kikiwa kimejaa, na Jedidah hakuwahi kuona mzigo wa maji ukimlemea baba yake namna ile.

Sasa, mchezo ule ulikuwa umeahidiwa kuchezwa tena Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa reli palepale landhi. Mwalimu Thadeus alikuwa karibu kuufuta, kwani Mgeni hakuwepo. Jedidah alimwendea ofisini. Alisema maneno ya Mgeni anayajua yote, aliyasikia mara nyingi, na akaomba asimame yeye mahali pa Wamalwa. Mwalimu alimtazama kwa makini, kisha akakubali, na nafasi ya Binti akampa Gertrude, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekea.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Safari hii watu wa landhi ndio waliokaa mbele, na wazazi wachache wa milimani wakasimama nyuma. Nasimiyu alikuwa benchi la kwanza, amekaza uso. Kando yake aliketi Wamalwa, aliyeletwa na baba yake karibu kwa nguvu, akitazama vidole vya miguu yake.

Jedidah alicheza sehemu ya Mgeni. Alichimba kisima, akashukuriwa, akanong'onwa, akasingiziwa. Wenyeji wa mchezoni walipomzunguka kumfukuza, alijua neno linalofuata, lakini halikutoka. Aliona hana haki nalo. Akawapita wenzake, akaja mbele kabisa ya jukwaa.

"Maneno haya si yangu," alisema. "Ni ya Wamalwa. Mimi ndimi niliyefuta kata yake mbele ya wazazi, nikamfanya achekwe, na mama yake akatoka. Kata haikuwa na uchafu. Uchafu ulikuwa kwangu. Wamalwa, naomba unisamehe. Mama, naomba unisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Jedidah alitaka kuendelea na mchezo, lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka kichwani. Alisimama pale, mikono imening'inia, machozi yakimtiririka, na ukumbi mzima ukimtazama. Mwalimu alianza kuinuka ili amtoe.

Ndipo sauti ikasikika kutoka benchi la kwanza, ya chini, ya mtu asiyeinua uso.

"Maji yangu mmeyanywa," alisema Wamalwa.

"Maji yangu mmeyanywa," Jedidah akarudia.

"Ni mimi tu mliyenitema."

"Ni mimi tu mliyenitema."

Hivyo ndivyo mchezo ulivyokwisha, Wamalwa akitoa neno, Jedidah akilipokea, mstari kwa mstari, mpaka Mgeni akafa kwa kiu. Watu wa reli, waliozoea makaa na chuma, walifuta macho yao waziwazi. Kule nyuma Bwana Mwandawiro alikuwa amevua kofia.

Watu walipokuwa wakitoka, Nasimiyu alimwita Jedidah. Hakumkumbatia. Alimwambia kwamba uchungu bado upo kidogo na hatamdanganya, lakini Jumatatu Wamalwa atakuwa darasani. Jedidah aliitikia kwa sauti ndogo, akasimama hapohapo asijue aende wapi.

Mwalimu Thadeus akaja, akamwekea mkono begani.

"Kumbagua mtu hakuanzi kwa kumfukuza nyikani," alisema. "Huanza na mambo madogo ambayo mkono umeyazoea, na yakichekewa hukua. Mtu akidharauliwa kwa rangi yake au kwa kwao, dawa si kutafuta wa chini yake wa kumdharau. Hiyo aibu unayoiona sasa, Jedidah, usiiharakishe kuondoka. Kaa nayo mpaka mkono wako ujifunze."

"Ndiyo, Mwalimu," Jedidah akajibu, naye akaitazama mikono yake.