Dozi ya Zamani

Mshonaji wa sare za shule alikutwa amekufa Ijumaa, saa saba mchana. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya cherehani, miguu juu ya kigoda, taulo limeviringishwa chini ya magoti, mkanda wa mgongo umefungwa barabara kiunoni. Ungedhani kapitiwa na usingizi baada ya kazi.

Aliyemkuta ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyemjia kila Jumanne na Ijumaa. Alibisha, hakujibiwa, akasukuma mlango. Alimgusa shingoni, kisha akatoka nje kupiga simu.

Inspekta alifika na sajenti wake nusu saa baadaye. Kituoni walimwita Kobe, kwa kuwa aliuliza maswali polepole na hakuruka hata moja. Alisimama katikati ya chumba akatazama: vitambaa vya bluu vimekunjwa rafuni, dirisha wazi, glasi imeoshwa na kufunikwa. Ukutani ilibandikwa karatasi yenye safu za tarehe, na kila tarehe iliyopita imewekewa alama ya vema.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Ratiba ya kupunguza dawa," alisema mtaalamu. "Alipasuliwa uti wa mgongo miezi mitatu iliyopita. Wakamwekea vyuma na skrubu. Hospitali alikuwa akitumia mofini, dawa kali ya maumivu, na tangu hapo anapunguziwa kidogo kidogo. Zilibaki siku kumi amalize."

"Nani alimpa dawa?"

"Binti yake mkubwa. Anaishi naye humu."

Sajenti alirudi kutoka nyumba ya pili akiwa na maelezo ya jirani, mke wa fundi viatu. Mama huyo alikuwa hajasubiri kuulizwa.

"Anasema Jumapili iliyopita walizozana," sajenti alisema. "Marehemu alimwambia binti, 'Unaniua, mwanangu.' Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema amesikia kwa masikio yake mwenyewe, hakuazima ya mtu."

Binti alikuwa karani wa shule ya msingi. Aliletwa kutoka kazini, na alipoingia hakulia. Alikwenda moja kwa moja akafunga dirisha, kana kwamba mama yake angeshikwa na baridi. Kisha akakaa sakafuni karibu na kile kiti, akakataa kunyanyuka mpaka gari la kubeba maiti lilipofika.

Matokeo ya uchunguzi wa maiti yalitoka kesho yake asubuhi. Daktari aliyapeleka mwenyewe kituoni.

"Mofini," alisema. "Pumzi ilipungua polepole mpaka ikasimama, kati ya saa tano na saa sita."

"Alipewa nyingi?"

"Hapo ndipo penye mtihani. Kiasi hiki, miezi miwili iliyopita, angekimeza na kuomba chai. Mwili wake ulikuwa umekizoea. Lakini ukiupunguzia mwili dawa wiki baada ya wiki, unasahau. Ukiurudishia mzigo ule ule wa zamani kwa mara moja, hauwezi tena kuubeba."

"Na aliyempa angelijua hilo?"

"Aliyemhudumia kila siku angelijua. Lazima aliambiwa."

Inspekta alimwita binti kwenye chumba cha mahojiano.

"Ulitoka nyumbani saa ngapi jana?"

"Saa moja kasorobo."

"Ulimpa dawa?"

"Kidonge kimoja kidogo, kama ratiba inavyosema. Nikamwandalia na uji."

"Dawa unaziweka wapi?"

"Kwenye kopo lenye kufuli. Ufunguo ni mmoja, huu hapa." Alivuta uzi shingoni.

"Kwa nini ulimfungia mama yako dawa zake?"

"Aliniomba yeye mwenyewe, siku tulipoanza. Alisema, 'Nitakapokulilia, usinisikilize.' Kusema ni rahisi, afande. Kila tulipopunguza alitoka jasho, tumbo likamchafuka, akakosa usingizi, mgongo ukawaka upya. Wiki ya kwanza ya kila hatua ilikuwa moto. Ya pili, afadhali. Nilikuwa askari jela wa mama yangu. Alifika mahali akawa ananitazama kama mwizi."

"Jumapili alikwambia unamuua."

"Ndiyo."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, 'Vumilia, mama.' Ndilo neno nililokuwa nalo."

Sajenti alikuwa amehesabu vidonge vya kopo na kuvilinganisha na daftari la binti. Hakikupungua hata kimoja. Tena vyote vilikuwa vidogo, vya hatua ya mwisho.

"Zamani alitumia vile vikubwa," alisema Inspekta. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Vilivyobaki vilikwenda wapi?"

"Vilirudishwa famasi ya hospitali."

"Na nani?"

Binti alitazama meza.

"Nimeuliza, vilirudishwa na nani?"

"Vilirudishwa."

"Mama, hapa ukinyamaza unajifunga mwenyewe."

Hakusema kitu tena. Inspekta alisubiri dakika kumi nzima. Aliona ufunguo, ugomvi, ujuzi wa dawa, na sasa ukimya. Aliamini kwamba anayeficha jibu anaficha kosa. Akaamuru apelekwe mahabusu.

Mtoto wa pili wa marehemu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Inspekta alimpigia simu.

"Uko wapi?"

"Njiani, afande. Kilomita mia tatu kutoka hapo. Dada alinipigia jana jioni."

"Mara ya mwisho kufika nyumbani?"

"Ni… miezi miwili sasa. Kazi hii haina nyumbani."

"Dada yako tunamshikilia."

Upande wa pili ulisikika muungurumo wa injini tu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema dereva. "Nitafika Jumatatu kwa mazishi." Akakata.

Jumapili mchana mtaalamu wa viungo alikuja kutia sahihi maelezo yake. Alisaini, akarudisha kalamu, lakini hakuondoka.

"Afande, kuna kitu kinanisumbua. Ule mkanda wa mgongo."

"Una nini?"

"Nilimwambia aache kuuvaa wiki tano zilizopita. Misuli ilianza kulegea. Hata miguu, nilikataza kuiweka juu na taulo magotini. Alitakiwa akanyage chini na kunyanyuka kila nusu saa."

"Labda aliuvaa mwenyewe kwa maumivu."

"Vifungo viko mgongoni. Hauvaliki bila mtu. Na kigoda kile asingeweza kukivuta."

"Binti yake je?"

"Binti ndiye aliyeuweka kabatini. Alifuata kila neno langu, mpaka huwa namwonea huruma. Aliyemfunga mkanda ule aliufunga vizuri sana, jinsi nilivyofundisha wodini wiki ya kwanza. Niliwafundisha watu wawili tu siku ile, watoto wake wote wawili."

Inspekta aliweka kalamu chini. Mkanda ule alikuwa ameuona kwa macho yake mawili, akauandika kwenye daftari, na hakuuliza swali hata moja juu yake. Yeye, Kobe.

Mkanda wa zamani. Kigoda cha zamani. Dozi ya zamani. Aliyeingia chumbani mle Ijumaa asubuhi hakukosea chochote alichoelekezwa. Alichelewa tu miezi miwili.

Mfamasia wa hospitali alimfungulia Inspekta daftari la dawa zenye udhibiti, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Huyu hapa. Vidonge vikubwa vilivyotakiwa kurudi, kumi na viwili. Vilivyopokelewa, kumi. Maelezo: viwili vimeanguka majini."

"Nani alileta?"

"Sahihi hii. Uhusiano na mgonjwa, mwana. Wa kiume."

"Uliamini habari za majini?"

Mfamasia alifunga daftari taratibu. "Watu walikuwa wengi siku ile, afande. Nilipaswa kuuliza zaidi."

Sajenti alikwenda kituo cha mizani, nje kidogo ya mji, akarudi na nakala ya risiti. Lori la dereva lilipimwa likielekea mjini Ijumaa, saa moja na dakika tano asubuhi.

Jumatatu dereva hakusubiri kufuatwa. Aliingia kituoni saa tatu na kusimama mbele ya kaunta. Alikuwa mtu wa mabega mapana, mikono mikubwa, na kwenye kaunta ile aliiweka kama vitu asivyojua pa kuviweka. Alipoketi chumba cha mahojiano, alishika kiuno kwanza.

"Mgongo?" aliuliza Inspekta.

"Usukani, afande. Miaka kumi na minane."

"Ndiyo maana ulibakiza vidonge viwili?"

Dereva hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilisema nitaviweka kwa siku mbaya. Siku nikishindwa kushuka kwenye lori. Sikuvitumia. Niliviogopa."

"Ijumaa ulifika nyumbani saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi. Lori niliacha barabara kuu. Nilitaka nimsalimie tu, nipitilize. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu, na dada alikuwa amenichoka. Kila akipiga simu ananiambia, 'Njoo umuone mama yako.' Mimi namwambia wiki ijayo. Ile wiki ijayo haikuisha."

"Ukamkuta mama vipi?"

"Amejikunja kitandani anatetemeka. Amekonda. Aliponiona alilia kama mtoto, afande. Mama yangu, ambaye alitulea kwa cherehani ile na sikuwahi kuona chozi lake. Akaniambia, 'Dada yako amenifungia dawa. Nisaidie wewe.'"

"Alikwambia anapunguziwa?"

"Alisema ananyimwa. Mimi nilikumbuka wodini. Akimeza viwili, maumivu yanatulia, anazungumza, anacheka. Nikaona vile viwili nilivyo navyo ni haki yake. Vilikuwa ni vyake."

"Ukampa."

"Nikampa. Nikatafuta mkanda kabatini, nikamfunga kama tulivyofundishwa. Nikamkalisha kwenye kiti chake, nikamwinua miguu. Baadaye akatulia kabisa. Akaniuliza kama nakula vizuri njiani. Akaniambia, 'Nenda, mwanangu, utachelewa.' Nikaosha glasi, nikaondoka saa tatu kasoro. Nilikuwa nafurahi, afande. Nilikuwa naendesha, najisifu kwamba leo nami nimekuwa mtoto."

Sajenti aliacha kuandika.

"Jioni dada alipokupigia, ulielewa?" aliuliza Inspekta.

"Nilielewa hapo hapo. Nikaegesha lori pembeni."

"Kwa nini ulidanganya? Dada yako amekaa mahabusu siku mbili."

"Kwa woga. Sina neno zuri zaidi la hilo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Angepona, afande?"

Inspekta angeweza kukwepa. Maishani mwake alikuwa amekwepa maswali mepesi kuliko hilo.

"Zilikuwa zimebaki siku kumi," alisema. "Daktari wake anasema maumivu makali zaidi yalishapita. Yale uliyoyaona yalikuwa ya mwili kuiaga dawa."

Dereva aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Inspekta alimsomea shtaka, kuua bila kukusudia. Dereva akatia sahihi.

Kisha Inspekta alikwenda mwenyewe kumfungulia binti. Alikuwa amejiandaa na maneno kadhaa, lakini mbele ya mlango ule yote yalimponyoka.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilikosea. Mdogo wako yuko hapa, amekiri."

"Nimwone mdogo wangu," binti alijibu. "Dakika tano tu."

Aliwakutanisha chumba kile kile. Kwa sheria alitakiwa abaki, akabaki mlangoni. Dada alivuta kiti akaketi ubavuni mwa mdogo wake.

"Ulijua ni mimi?" dereva aliuliza.

"Nilijua tangu Ijumaa, nilipouona ule mkanda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nimeshapoteza mmoja."

Dereva alitikisa kichwa. "Dada, sikumpa hivi hivi. Nilikupigia kwanza. Nilitaka kukuuliza kama ni sawa."

Inspekta alijikuta anatazama ukuta.

"Simu ilikuwa mkononi mwangu," binti alisema. "Niliona jina lako. Nilikuwa nimekukasirikia, nikaiacha iite mpaka ikakatika."

Hakuna aliyelia. Dada aliuchukua mkono ule mkubwa, akauweka kwenye mapaja yake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Wakakaa hivyo, wanatazama mbele, kama watu waliosubiri gari moja.

"Mazishi ni saa kumi," alisema. "Wamezoea kwamba huji. Leo utakuja."

Dakika tano zilikuwa zimepita zamani. Inspekta alirudi mezani kwake, akamwambia sajenti aandae gari na askari wawili wasiovaa sare, kisha akavuta karatasi na kuanza kuandika kibali.