Ndoo Mbili za Shela

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku aliingia chumbani kwa bibi yake, akafungua dirisha na kumlisha Shela. Shela alikuwa samaki wa rangi ya machungwa mwenye mkia mrefu na mwepesi, uliomfuata majini kama shela la bi harusi. Tangi lake la kioo lilikaa juu ya meza ndogo, karibu na kitanda cha Bibi.

Bibi alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu. Alifungwa plasta mpaka juu ya goti, na daktari akamkataza kabisa kuukanyagia. Mtu aliyezoea kuzunguka nyumba nzima akikagua mpaka vifuniko vya sufuria, sasa alishinda kitandani akitazama dari. Akichoka na dari, alimtazama Shela.

"Hii ndiyo televisheni yangu," alipenda kusema. "Haina matangazo."

Chiriku halikuwa jina la mjukuu huyo la shuleni. Alipewa jina hilo nyumbani, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kuongea si kosa, lakini Chiriku alipenda kupiga chuku. Manyunyu yakianguka, yeye alisema ni gharika. Akikutana na mbwa njiani, mbwa huyo alifika nyumbani akiwa na ukubwa wa ndama. Watu wa nyumbani walikuwa wamemzoea, na kila habari aliyowaletea waliigawa kwa mbili kabla ya kuiamini.

Ijumaa moja asubuhi, chujio la tangi lilianza kunguruma. Likakohoa kidogo, kisha likanyamaza. Bibi alilitazama kwa huzuni.

"Limekufa," alisema. "Ukitoka shule, pitia duka la samaki nyuma ya soko. Bila chujio maji yatachafuka, na Shela wangu ni mzee, hatavumilia. Mwambie muuzaji kwamba tangi letu ni la ndoo mbili, na samaki ni mmoja, mwenye mkia mrefu. Yeye atakuchagulia linalofaa. Umesikia? Ndoo mbili."

"Ndoo mbili, Bibi."

"Hebu rudia."

"Bibi jamani! Ndoo mbili!"

Bibi alipima tangi kwa ndoo kwa sababu ndivyo lilivyojazwa siku zote, kwa ndoo mbili za jikoni, za maji ya bomba yaliyolazwa mpaka harufu ya dawa iishe. Kabla Chiriku hajaondoka, Bibi alimwagiza aitoe sponji iliyokuwa ndani ya chujio bovu na kuiweka kwenye bakuli la maji ya tangini.

"Usiioshe bombani," alionya. "Mna vijidudu vizuri humo, vinavyokula uchafu. Tutavihamishia kwenye chujio jipya."

Jioni, mambo yaliharibika kabla Chiriku hajafika dukani. Mwenzake mmoja wa darasani aliamua kumsindikiza. Huyu waliyemwita Nahodha ndiye aliyeongoza timu ya netiboli ya darasa, na kila msichana alitaka kukaa naye wakati wa mapumziko. Wiki iliyopita, ili apate nafasi ya kukaa naye, Chiriku alikuwa amemsimulia kwamba nyumbani kwao kuna tangi la samaki lenye ukubwa wa kitanda.

Muuzaji wa samaki alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, mwenye mikono iliyolowa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mjomba. Nimetumwa chujio la tangi la samaki."

"Marahaba, mwanangu." Muuzaji alikuwa tayari ameshika sponji ndogo yenye mrija. "Tangi lenu lina ukubwa gani?"

Chiriku alifungua mdomo kusema ndoo mbili. Pembeni yake, Nahodha alikuwa ametega sikio. Tangi la ndoo mbili ndilo lenye ukubwa wa kitanda? Akilisema hilo, Jumatatu darasa zima litamcheka.

"Ndoo kumi," alisema.

"Kumi! Hilo ni tangi la hotelini. Samaki wangapi?"

"Wengi. Wengi sana."

"Basi hii haikufai." Muuzaji aliirudisha sponji rafuni. "Hii hufanya kazi kwa pampu ya hewa, taratibu, kwa matangi madogo na samaki wasioweza mkondo mkali. Wewe chukua hili." Akashusha chujio jeusi, kubwa, lenye mdomo mpana wa kunyonyea maji. "Lina nguvu kwelikweli. Ila usije ukaliweka kwenye tangi dogo, utakuwa umefungulia mto ndani ya bakuli."

Nahodha alimgusa bega na kusema, "Kumbe ni kweli!" Maneno hayo yalikuwa matamu, naye akalibeba chujio akaenda zake.

Nyumbani, Bibi alilitazama chujio lile, kisha akalitazama tangi.

"Ndilo alilokupa? Ulimwambia ndoo mbili?"

"Ndiyo, Bibi, nilimwambia."

"Haya. Mwenye kazi ndiye anayeijua. Liweke."

Chiriku alilifunga ukutani mwa tangi, akaweka ile sponji ya zamani ndani yake kama Bibi alivyomwelekeza, akaliwasha. Maji yaliruka. Shela alisukumwa mpaka kioo cha upande wa pili, akageuka, akajaribu kuogelea, akasukumwa tena. Chakula alichotupiwa kilimpita mbio kabla hajafungua mdomo.

"Atazoea," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Hakuzoea. Jumamosi asubuhi Chiriku alimkuta amejibanza kwenye kona, nyuma ya jiwe, akihema kwa shida. Mkia wake mzuri ulikuwa umenyonywa na mdomo wa chujio, ukachanika. Kipande kizima hakikuwepo tena. Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu.

"Nimemwona akivutwa," alisema. "Nikaita, mlikuwa nje, hamkunisikia. Nikajinyoosha mpaka nikaifikia swichi kwa fimbo. Nimemfuga tangu hujaanza shule, halafu nashindwa kumfikia hapa mkononi!"

Chiriku alitaka kulia, lakini aliona hana haki ya kulia.

"Na huyu muuzaji leo atanitambua," Bibi aliendelea, akivuta simu yake kutoka chini ya mto. "Mtu mzima na akili zake anaambiwa ndoo mbili, anampa mtoto pampu ya kisima! Nitamsema mpaka ajute. Na mtaa mzima nitauambia usinunue kwake."

Akabonyeza namba, akaweka sauti kubwa. Simu ikaanza kuita.

Chiriku alimkumbuka yule mwanamume mchangamfu akiirudisha sponji rafuni. Aliuliza vizuri, tena alionya vizuri. Sasa atasemwa kwa kosa ambalo si lake.

"Bibi, kata simu."

"Nikate kwa nini?"

"Hana makosa. Mimi ndiye niliyemwambia ndoo kumi. Nahodha alikuwa anasikiliza, na mimi nilishamwambia tangi letu ni kubwa kama kitanda. Halafu nikakudanganya na wewe. Nisamehe, Bibi."

Simu iliendelea kuita. Bibi hakuikata. Alimnyooshea mjukuu wake simu.

"Mwambie mwenyewe."

"Naogopa."

"Najua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Shika."

"Haloo?" ilisema sauti ya muuzaji.

Chiriku alieleza yote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alieleza jambo bila kuongeza hata kidogo, na likawa fupi ajabu. Kisha muuzaji alikohoa.

"Mwanangu, mimi nilikuuliza ili nimjue samaki wako. Sikutaka kukupima wewe. Chujio liache limezimwa, lisuuze, ulirudishe sasa hivi, nitakubadilishia. Ile sponji ya zamani usiitupe, irudishe majini. Na maji yabadilishwe robo leo."

Chiriku alifunga chujio kwenye mfuko, akatoka mbio. Kama aliyepangiwa, alimkuta Nahodha kwenye kona ya barabara akiruka kamba.

"Unapeleka wapi chujio lenu?"

Ilikuwa rahisi kusema limeharibika. Uongo huo ulikuwa tayari kabisa kwenye ncha ya ulimi. Chiriku aliumeza.

"Nalirudisha. Ni kubwa mno. Tangi letu ni la ndoo mbili, na samaki ni mmoja."

Nahodha aliacha kuruka. "Na kile kitanda?"

"Kitanda ni cha Bibi."

Nahodha alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara. Chiriku alisimama akingoja amalize kucheka. Hatimaye Nahodha alijifuta macho, akakunja kamba yake, akasema, "Twende basi, nikamwone huyo samaki mmoja."

Mchana ule ile sponji ndogo ya dukani ilikuwa tangini, viputo vya hewa vikipanda polepole bila kusumbua mtu. Sponji ya zamani ililazwa kando yake ili vile vijidudu vizuri vihamie. Wasichana wawili walikaa sakafuni, pua karibu na kioo, wakingoja. Shela alichungulia kutoka nyuma ya jiwe. Akatoka kidogo, akarudi, akatoka tena. Mwishowe alipanda juu na kukidaka chakula.

"Amekula!" Nahodha alipiga kelele, na Bibi akapiga makofi kitandani.

Nahodha alipoondoka, Bibi alimwita mjukuu wake akae karibu.

"Sikukasirika kwa sababu ya chujio," alimwambia. "Chujio limebadilishwa. Sikiliza. Wewe ukipiga chuku huoni kama kuna anayeumia, kwa hiyo unadhani ni mchezo tu. Lakini watu hufanya kazi kwa maneno yetu. Daktari anafanya hivyo, fundi hali kadhalika, na muuzaji wa samaki naye. Ukimpa neno la uongo, atafanya kazi yake vizuri na bado atakosea. Zile ndoo nane ulizoongeza kwa mdomo, aliyezibeba ni Shela."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Lakini uliposema kweli, simu ilikuwa bado inaita," Bibi alimalizia. "Hilo nalo nimeliona. Sasa nenda kajaze ndoo, maji ya Jumatatu yalale mapema."

Mkia wa Shela ulichukua muda mrefu kuota tena, na kila asubuhi Chiriku alipomlisha aliliona pengo lile. Jumatatu alirudi kutoka shule akihema, akasimama mlangoni kwa Bibi.

"Bibi, leo mwalimu ameuliza nani anafuga samaki. Nimesimama, nikasema tangi letu ni la ndoo mbili, samaki mmoja, na mkia umechanika kwa kosa langu. Hakuna aliyecheka, ila Nahodha. Kidogo tu."

Bibi alimtazama juu ya miwani yake. Habari ile hakuigawa kwa mbili.