Maji ya Kusuuzia

Jiwe liliingia kwenye beseni likiwa jekundu, likatoka halina rangi, kama kipande cha chupa. Faidha aliigeuza pete mara tatu mbele ya dirisha, akidhani ni macho yake yamechoka. Kisha akayatazama maji. Yalikuwa safi kabisa, hayana hata dalili ya wekundu.

Mwenye pete, Mzee Halfani, muuza korosho wa Masasi, alikuwa amemwonya asubuhi ile aifute kwa kitambaa kikavu tu, isiguse maji. Faidha aliitikia kwa heshima, moyoni akacheka. Miaka tisa anasafisha vito hapa Newala, leo aje afundishwe kazi na muuza korosho! Lulu ndiyo huogopa sabuni, na feruzi. Rubi ni jiwe gumu, halidhuriki kwa maji vuguvugu, matone mawili ya sabuni na mswaki laini wa mtoto. Akaiosha, akaisuuza kwenye beseni la pili. Sasa akajifariji kwamba mzee aliuziwa jiwe la bandia.

Kosa lililomponza hasa ni lile lililofuata, na mtu yeyote wa Newala angelifanya. Ilikuwa Oktoba, bomba halijatoa maji siku ya kumi na moja. Nani amwage maji safi kama yale? Aliyamimina kwenye ndoo ya kuogea, na kabla jua halijazama akamwogesha binti yake, Naima, mwenye miaka minne.

Kesho yake Naima aliamka na kiu. Akanywa kikombe, akanywa jagi, akainamia ndoo akanywa kama ng'ombe. Hakukojoa, wala hakutoa jasho. Chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa, na nje ni vumbi tupu. Hospitali walimpima malaria na sukari, hawakuona kitu.

Siku ya tatu kucha zake zilikuwa nyekundu. Bibi yake, Bi Siti, alimlaza mkekani na kuweka sikio tumboni mwake, akasikia tone likidondoka, likanyamaza, likadondoka tena, mbali sana, kama lililo ndani ya kisima kirefu, na alipotaka kuinua kichwa mkono mdogo wa mtoto ukamkandamiza pale pale kwa nguvu ambazo mtoto hana, na kinywa cha Naima kikafunguka, na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyo na haraka, ikasema, "Nyumba hii ndogo."

Bi Siti alipoachiwa alitambaa hadi mlangoni. "Mama Naima," alinong'ona, "huyu haumwi. Mpigie mwenye pete."

Mzee Halfani alifika adhuhuri kwa bodaboda. Alipoiona pete aliketi sakafuni bila kukaribishwa. Jini alikuwa wa marehemu mama yake, alieleza, na fundi mmoja wa majini, wa Chiungutwa, ndiye aliyemfungia ndani ya jiwe lile. Miaka yote mzee alikuwa akilifuta mwenyewe, mpaka macho yake yalipoingia ukungu.

Faidha alimwomba amrudishe jini kwenye jiwe.

"Harudi," mzee alisema taratibu. "Umeshamwosha akatoka. Anataka mtu wa kukaa. Na huyu ni mtoto, jini atampasua."

"Mtu mzima je?"

"Mtu mzima atambeba, akiyanywa maji ya kumwogeshea mtoto," mzee alisema. Bi Siti alimshika Faidha mkono, akautikisa kama anayemwamsha. Faidha alikuwa anaogopa, lakini hofu hiyo haikumzuia. Akauondoa ule mkono polepole, akaenda kuchukua beseni.

Walimwogesha Naima palepale chumbani, jua likiwa utosini, mzee akisoma maneno aliyomsikia fundi akiyasoma, na maji yakaanza kugeuka, kwanza kama chai ya rangi, kisha mekundu, mazito, na Faidha akapiga magoti akayachota kwa kikombe, akanywa, akachota, akanywa, hadi akainamisha beseni na kulamba tone la mwisho.

Naima akatoa jasho. Akakojoa mkekani, na Bi Siti akalia kwa furaha, akaukumbatia ule mkeka mbichi. Mzee Halfani aliondoka bila kuaga, na pete hakuichukua.

Alasiri mtoto aliamka mzima, anataka uji. Faidha alikuwa ameshaupika, akauleta, akachuchumaa mbele yake huku machozi yanamtoka. Naima alimtazama kwa muda mrefu, usoni, mikononi, kisha akajiburuza hadi mgongoni mwa bibi yake.

"Bibi," alisema chinichini, "huyu nani?"

"Si mama yako huyo, mjukuu wangu? Pokea uji."

Naima alitikisa kichwa.

"Mwambie atoke," akasema. "Mama akirudi atakaa wapi?"